Gamba la Kome na Jina Langu

Kikapu cha Bibi cha kushonea kofia kilikuwa kimefunikwa kwa leso, na nilipoifunua harufu ikanipiga usoni: wanga uliokauka, uzi, asmini iliyokufa zamani, na chini ya yote hayo chumvi ya baharini ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuiondoa. Sikuhitaji kupekua. Gamba la kome lilikuwa pale chini, limelala juu ya mkasi, laini kama kipande cha sabuni kilichokwisha kutumika. Arubaini ya Bibi ilikuwa imepita, nyumba ya Mji wa Kale inataka kutolewa vyombo, na mimi na binamu yangu Rukia ndio tuliokabidhiwa chumba chake.

"Hili tunatupa?" Rukia akauliza, ameshaufungua mfuko wa taka.

Niliketi juu ya kitanda kisicho na godoro, gamba mkononi, na ghadhabu niliyodhani nimeiacha utotoni ikanirudia nzima nzima. Maana mimi na gamba hili tuna kesi ya zamani, na mwenye kuiamua amekwisha kuzikwa.

Jina langu ni Mwanakombo. Nalitaja mapema kwa sababu Bibi hakulitaja. Alikuwa mama wa baba yangu, tumeishi naye nyumba moja tangu nilipozaliwa, amenilisha, amenisuka, amenifundisha sura fupi zote kabla sijaanza kwenda chuo cha Kurani, lakini jina langu halikumtoka kinywani. Paka wa baraza ya jirani alikuwa na jina, na Bibi alimwita kwalo. Muuza mkaa, muuza samaki, dereva wa tuk-tuk aliyekuja mara moja na kupotea, wote aliwauliza majina na wote aliwaita kwa majina yao. Mimi nilikuwa "mtoto wa Abdalla." Akiwa na haraka nilikuwa "weye." Akiwa amefurahi sana, siku ya sikukuu labda, nilikuwa "bi mdogo."

Na huyo huyo Bibi ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote katika suala la kuitika. Nyumbani kwetu mtoto wa kike akiitwa husema "labeka," na husema mara moja, hata kama ana tonge mdomoni. "Mtu haitwi mara mbili kama mbuzi," Bibi alikuwa akisema. Basi nilikuwa tayari. Nilikuwa na labeka yangu nimeiweka kama nguo ya Idi, nikingoja aniite nimjibu. Hakuniita.

Kazi yake ilikuwa kofia. Alizidarizi mwenyewe, tundu kwa tundu, kofia moja ikila majuma, na watu walizifuata kutoka Makadara mpaka Mbaraki. Kofia ikikwisha hufuliwa, hutiwa wanga, huvishwa kalibu ya mti, na kabla haijakauka Bibi alichukua lile gamba la kome akaipiga nalo pasi. Alilisugua juu ya mishono, kwa nguvu, duru baada ya duru, mpaka kitambaa kikawa kinang'aa. Wenzake walitumia pasi ya umeme au chupa, lakini yeye hakutaka kusikia. Lilikuwa gamba zuri, hilo siwezi kulinyima: upande mmoja mpana, upande mwingine umechongoka, na kote limejaa pembe tatu ndogo za kahawia juu ya weupe, zimepangana kama darizi ya kofia zenyewe. Kwa muda mrefu niliamini ni Bibi aliyelidarizi.

Kilichoniuma ni kwamba alizungumza nalo. "Haya, fanya kazi," alilinong'onezea akilisugua. "Fanya kazi, weye. Hujachoka bado." Mimi nilikaa pembeni nikimtungia uzi sindanoni, nikisikia. Nikaona kwamba kome ndiye kipenzi. Alikuwa na mahali pake kikapuni, alipakwa mafuta ya nazi kila Ijumaa, na alisemezwa. Nilimwonea wivu mnyama aliyekufa, na sioni aibu kusema hivyo, kwa kuwa mtoto anayenyimwa jina lake atamwonea wivu hata ndoo.

Ndipo akili yangu ya kitoto ikatafuta njia ya kuingia. Katika ukoo wetu watu huwapa watoto majina yanayokaribiana. Mjomba wangu, baba yake Rukia, alikuwa na Rukia, Rehema na Ramadhani nyumba moja, na ukiita mmoja wanageuka watatu. Kwa hiyo nikaona ni wazi kwamba maneno nayo ni hivyo hivyo: yanayosikika karibu ni ndugu wa tumbo moja. Kome, kombe, kikombe, konokono, koa, Kombo. Hao walikuwa nyumba moja, baba yao nani sijui, lakini sura zao zinafanana. Na kama Kombo ni ndugu yake kome, basi mimi Mwanakombo nilikuwa na haki kwa Bibi, haki ya damu, na lazima ipo siku ataitambua.

Nilichohitaji ni mtu mzima mmoja wa kunithibitishia. Lo! Nilihangaika. Nilimfuata Mama jikoni.

"Mama, Kombo na kome ni ndugu?"

"Siyui. Hebu nipe hicho kikombe."

"Na kikombe je? Na chenyewe ni ndugu yao?"

"Mtoto huyu! Kanywe mai ukalale."

Mwalimu wa chuoni alisema Kombo ni kitu kilichopinda, na kwamba zamani watu waliwapa watoto majina mabaya ili husuda isiwaone. Jirani yetu alisema hapana, Kombo ni jina la ukoo wa visiwani, halina maana, ni jina tu. Kila mmoja alisema kwa uhakika wa mtu aliyekuwapo neno likizaliwa. Mwishowe nilimwendea mtu aliyekuwa akiuza makombe na makauri karibu na Ngome, nikamwonyesha kwa kidole kome mmoja aliyefanana na wa Bibi, mezani pake.

"Huyu anaitwaje hasa?"

"Koni," akasema bila kuinua kichwa.

"Koni kama ya aiskrimu?"

"Hiyo hiyo. Ondoka mbele ya biashara yangu."

Nililia njiani kwa hasira. Nilijua ananidhihaki. Nimekuja kugundua ukubwani, nikisoma nisiyoulizwa kama ilivyo tabia yangu, kwamba wa pekee aliyenijibu sawa ni yule aliyetaka kunifukuza: wageni wanamwita kome yule kwa neno lile lile lililotuletea koni ya aiskrimu, kwa sababu ya umbo lake la kuchongoka. Kombe na kikombe nao ni mtu na mdogo wake, hilo halina ubishi. Lakini konokono na koni hawajuani hata kidogo. Wamekutana tu masikioni mwetu. Na Kombo wangu mpaka leo kila kitabu kinasema lake. Kufanana si udugu. Laiti mtu angeniambia hivyo wakati ule, labda ningekaa nyumbani siku ile ya mosi ya Idi.

Mjomba alikuja na Rukia kunichukua kwa tuk-tuk baada ya chakula cha mchana. Yeye ni ndugu wa Mama, anakaa Ganjoni kwenye magorofa, na mambo ya nyumbani kwa baba yangu hakuyajua yote. Bibi alikuwa amelala. Tukaenda Lighthouse, kule mwisho wa kisiwa ambako Mombasa nzima huenda kula mihogo na kutazama meli zikiingia. Ilikuwa bamvua, maji yamejitoa mbali mno, mwamba wote u nje, umejaa vidimbwi. Watoto wa Idi walikuwa wameteremka na nguo zao mpya, viatu mkononi. Mjomba akakaa ukutani na mihogo yake, akasema tusivuke pale kwenye jiwe kubwa. Tukavuka.

Nilimwona kwenye kidimbwi, nusu amejifukia mchangani. Pembe tatu za kahawia juu ya weupe. Alikuwa yule yule wa Bibi, ila huyu mpya, rangi zimekoza, na nilijua papo hapo nitakalofanya. Nitampelekea Bibi kome wa pili. Gamba lake limechakaa kwa kusugua, huyu ni mzima. Atauliza nani kaleta, na hapo hawezi kusema "mtoto wa Abdalla," maana zawadi huitiwa jina la mletaji. Nikamtoa majini. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na kutoka upande ule mwembamba kulikuwa na kitu kinachochungulia, kama ncha ya ulimi.

Hapo ndipo nikasikia.

"Mwanakombo!"

Nilijua sauti kabla ya kugeuka. Bibi alikuwa pwani, buibui limemshuka mabegani, nusu ndani ya maji kwa viatu vyake vya nyumbani. Mama alikuwa amemwambia tulikokwenda, naye akatoka bila kuuliza, akasimamisha tuk-tuk ya kwanza. Alikuwa amemshika Rukia mkono, maana Rukia alikuwa nyuma, anaogopa kuchafua gauni. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka baharini na kuyararua maneno yake.

"Mwanakombo! Itupe! Mwanakombo!"

Ningependa kuandika kwamba nilitupa. Sikutupa. Nimeliwaza jambo hili kwa miaka na sioni mtoto gani mwenye moyo wa nyama angetupa. Nilikuwa nimelisubiri jina lile maisha yangu yote mafupi, na sasa linakuja juu ya maji, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mara zote limekuja baada ya mimi kumshika kome huyu. Niliona ndiye anayelivuta. Nikitupa, litakatika. Basi nikamwinua juu kwa mikono miwili, ili Bibi amwone vizuri, ili aniite tena.

Akaniita tena. Aliniita akija, akianguka juu ya mwamba, akiinuka, damu gotini, sauti imepasuka. Mimi nilikuwa nikicheka. Hata labeka sikusema, nilisahau kabisa, nilikuwa nimejaa furaha mpaka kooni. Alipofika alinipiga kwenye kiwiko, kome akaruka akaangukia kidimbwini, kisha akanipiga kofi la pili usoni, kisha akaanza kunigeuza viganja, kidole kimoja kimoja, ananusa, anabonyeza, anauliza, "Wasikia? Hapa wasikia? Na hapa?" Nilisema nasikia. Nilikuwa nalia sasa, bila kujua kosa langu ni lipi. Alininyanyua akanibeba mgongoni mpaka barabarani, mzee yule, na njia nzima hakusema neno tena.

Jioni ile Mama alinikalisha jikoni, mlango umefungwa, akanieleza kwa sauti ya chini kwa sababu alikuwa akisema mambo ya mkwewe. Baba yangu alikuwa na dada. Aliitwa Mwanakombo. Alikuwa rika langu alipokwenda na Bibi kuokota kome kwenye bamvua, akaona mzuri mmoja, akamfunga kwenye ncha ya leso, akaivaa kiunoni. Kome wale wana mwiba kama sindano, wanaurusha kutoka upande mwembamba, na sumu yake haina dawa. Mtoto alisema midomo imekufa ganzi. Halafu miguu. Bibi akambeba mgongoni.

"Alimwita ndia nzima," Mama akasema. "Hakuitika. Tangu siku hiyo jina hilo limemkaa kooni. Babako akakupa weye, asema jina la maiti wetu lisipotee. Bibi hakumkataza. Lakini kuliita hawezi."

"Na kome?" nikauliza. "Yule wa kikapuni?"

Mama akatazama mlango. "Ndiye yule. Walitaka kumtupa, Bibi akakataa. Akasema, kamla mwanangu, atanifanyia kazi mpaka siku nitakayokufa."

Miaka yote ile ya kunong'onezwa, na mafuta ya nazi, na mahali maalumu kikapuni, nilidhani ni mapenzi. Alikuwa mfungwa.

Lakini mimi sikuwa mtoto wa kuhurumia mtu siku ile, shavu langu bado linawaka. "Sasa mimi nina kosa gani?" nikamwambia Mama. "Yeye hakuitika. Mimi naitika! Si aniite tu aone?"

"Leo aliita," Mama akasema. "Uliitika?"

Nikaenda kulala.

Kesho yake niliamka mapema, nikamtungia Bibi uzi kwenye sindano zote, nikakaa karibu, labeka yangu iko ncha ya ulimi. Alikuja na goti lililofungwa kitambaa, akaketi, akachukua gamba lake. "Mtoto wa Abdalla," akasema, "sogea, waniziba mwangaza." Ikawa ndiyo hivyo. Wiki ile, mwaka ule, na miaka yote iliyofuata. Nilimaliza shule, niliolewa, niliachika, nilirudi, nilimwogesha katika ugonjwa wake na kumgeuza kitandani, na nilikuwa mtoto wa Abdalla. Siku aliyofariki alinishika mkono akaangalia dari. Nilisubiri. Nilisubiri kwa uchoyo, nasema kweli, kama mtu anayedai. Akasema, "Mtoto wa Abdalla, fungua dirisha." Nikafungua.

Kwa hiyo mtu asinishangae kwamba katika kitanda kitupu cha marehemu nilikuwa nimekaa na hasira. Jina langu lilikuwa limeitwa na Bibi siku moja tu ya maisha yetu, mwambani, na hata siku hiyo si mimi aliyekuwa akiitwa. Nilikuwa nimelielewa hilo tangu jikoni na Mama. Bibi aliona mtoto wa kike, bamvua, kome mkononi, akamwita bintiye. Majina yamefanana, watu si mmoja. Nilisimama tu mahali alipokuwa amesimama mwingine, nikapokea cha mwingine, nikakifurahia. Nikamwambia Rukia hivyo, kwa mara ya kwanza, nikiliviringisha gamba mkononi.

Rukia akaweka chini mfuko wa taka. "Nani kakwambia alikuwa akimwita yule?"

"Rukia, nilikuwepo."

"Na mimi nilikuwepo. Weye ulikuwa kule mwambani, upepo wampiga yeye usoni. Mimi alikuwa amenishika mkono, kanibonyeza mpaka alama. Aliita, 'Mwanakombo wa Abdalla! Mwanakombo wa Abdalla, itupe!' Kila mara. Jina na baba. Mimi nilikuwa nikisema moyoni, huyu bibi mbona amwita kama ataka kumsajili shule?"

Nilimtazama. Rukia ana utani, tangu udogo, lakini hana uongo. Na yule shangazi aliyekufa alikuwa dada yake Abdalla. Hakuna aliyeweza kumwita "wa Abdalla" kwa akili wala kwa wazimu.

"Mbona hukuniambia?" nikasema. Nilikuwa nimeinuka. Sauti yangu ilinishinda, nilikuwa napiga kelele katika nyumba ya marehemu. "Miaka yote hii, Rukia! Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza! Nilidhani ulisikia. Aliyekuwa akiitwa ni weye, mimi nikwambie nini?"

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumpiga na Bibi pia, na upepo ule, na Mama aliyenieleza kisa chote isipokuwa kile nilichokihitaji, kwa kuwa na yeye hakuwapo. Mtu mmoja alikuwa na maneno mawili yangu mfukoni tangu tuko wadogo, akitembea nayo Ganjoni na Makadara, akila nayo pilau kwenye harusi yangu na yake, na hakujua ni mali ya mtu. Nilizunguka chumba kile kitupu mpaka pumzi ikatulia. Kisha nikaliweka gamba juu ya dirisha, kwenye jua, mbali na kikapu. Siku ya mwisho aliyowekewa mfungwa yule ilikuwa imefika na kupita. Hakuna tena kofia ya kusugua.

"Sema tena," nikamwambia Rukia.

"Niseme nini?"

"Vile alivyosema. Kwa sauti ile. Nenda kule mlangoni."

Alinitazama kuona kama nina utani. Akajifunga leso kiunoni, akaenda mpaka mlangoni, akanipa mgongo kidogo kwa haya, halafu akageuka akaita kwa nguvu, kwa sauti iliyopasuka ya bibi mzee anayekimbia juu ya mawe, mpaka jirani wa juu akafungua dirisha.

"Mwanakombo wa Abdalla!"

"Labeka," nikaitika.